Pabuni saa sita, mlimani saa saba: maswali ninayoulizwa kila Desemba kuhusu Edale

Desemba ikiingia tu, simu yangu haitulii. Binamu yuko Uingereza kwa likizo, shemeji kaja kusoma Leeds, mama mkubwa kafika Sheffield kuwaona wajukuu, na wote wamealikwa na wenyeji wao jambo lile lile: twende tukale pabuni, yaani baa ya kijijini inayopika chakula, halafu tutembee kidogo mlimani. Hiyo "kidogo" ndiyo iliyonifanya niandike. Mimi nakaa Manchester, na mahali ninapopajua vizuri ni Edale, kijiji cha Derbyshire kilichokaa bondeni katikati ya hifadhi ya Peak District. Majibu yote hapa chini ni ya Edale. Ukienda kwingine Uingereza njia zitakuwa nyingine, ila jua litakuwa na haraka ile ile.

Wanatembea kwenda wapi hasa?

Hawaendi popote. Wanazunguka na kurudi pale walipoanzia. Baba mdogo alipoambiwa hivyo mara ya kwanza aliuliza huko juu kuna nini, nikamjibu, "Upepo, baba." Akacheka, akavaa viatu.

Tarehe 26 Desemba huku ni mapumziko kama ilivyo Tanzania na Kenya. Watu wamekaa ndani tangu mkesha, wamekula, wamelala mbele ya televisheni, wamechokana. Siku hiyo na zile zinazofuata hadi mwaka mpya, familia nzima hutoka kunyoosha miguu, pamoja na bibi, mbwa na mpenzi mpya wa binti ambaye hakuna aliyemzoea bado. Chakula ndicho chambo, na matembezi ndiyo hasa waliyokuja kufanya.

Na usidhani hiyo njia ya mlimani ilikuwapo siku zote kwa ajili ya kila mtu. Nyanda za juu ya Edale zilikuwa mali ya matajiri waliozifungia ili wawinde ndege, na walinzi walikuwa wakiwafukuza watembeaji kwa marungu. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mamia kadhaa, wengi wao wafanyakazi wa Manchester na miji ya jirani, walipanda Kinder Scout, mlima ulio juu ya Edale, kwa makusudi bila ruhusa. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na umri wa miaka 20. Watano walifungwa jela. Miaka 19 baadaye, 1951, eneo hilo likawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Kwa hiyo mwenyeji wako anapong'ang'ania kutoka nje kwenye manyunyu, ujue kuna watu walilala selo kwa ajili ya manyunyu hayo.

Tumeweka meza saa nane mchana. Tutawahi kupanda baada ya kula?

Hamtawahi. Badilisheni meza au badilisheni mlima.

Mwishoni mwa Desemba, jua la Edale huchomoza kama saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na kuchwa saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Sisi tuliokulia karibu na ikweta ndio tunaokosea zaidi hapa. Saa zetu zinafuata jua: saa kumi na mbili ni jua kuchomoza au kuchwa, mwaka nenda mwaka rudi. Mtu akikuambia saa tisa, mwili wako unajua bado kuna mchana wa kutosha kufua na nguo zikakauka. Huku saa tisa kivuli cha mtu ni kirefu kama mnazi, na saa kumi na nusu ni giza.

Kwa hiyo hesabu huanzia mwisho. Mnataka kuwa mmeshashuka saa kumi. Mzunguko ninaowashauri, nitakaoueleza chini, unakula saa tatu pamoja na kusimama kupiga picha. Basi mtoke mezani saa saba. Jikoni siku za sikukuu hakuharakishwi. Weka saa nzima ya kula, na ikibidi zaidi. Meza yenu ni ya saa sita kamili, pabu nyingi zinapoanza kupakua, wala msione haya kuwa wa kwanza kuingia.

Wakiwapa saa saba, kuleni, kisha mpande hadi Hollins Cross tu, kituo cha kwanza cha mzunguko huo, na kurudi. Wakiwapa saa nane, geuzeni mpango: tembeeni asubuhi, kuleni baadaye. Wenyeji wengi hufanya hivyo na hakuna anayewacheka. Mwaka mmoja, katika kijiji kingine, tuliweka meza saa saba na nusu, chakula kikaja saa tisa kasoro robo, nami kwa ubishi nikawatoa watu. Tulishuka tukimulikwa na simu ya baba mdogo yenye chaji asilimia kumi na moja. Bado ananitajia hiyo kumi na moja.

Huo mzunguko wenyewe ukoje?

Mkitoka kijijini, teremkeni barabara hadi chini ya reli, kisha fuateni njia inayovuka bonde kuelekea kusini na kupanda Hollins Cross, kilango kilicho kwenye mgongo wa mlima unaotenganisha Edale na Castleton. Zamani wafanyakazi wa kinu cha pamba cha Edale waliokaa Castleton walipita hapo kwenda kazini, na maiti za Edale zilibebwa hapo kwenda kuzikwa upande wa pili. Ukifika umehema, fikiria kufika na jeneza.

Hapo geukeni kulia, mfuate mgongo hadi Mam Tor, mita 517. Kushoto kwenu liko bonde la Hope, kulia bonde la Edale, na ng'ambo yake Kinder Scout yenye mita 636, tambarare nyeusi ya mboji ambayo si ya mchana wa Desemba baada ya bata mzinga. Iacheni. Kutoka Mam Tor mnateremka hadi barabarani, kisha kwa njia ya mashambani kurudi Edale kupitia upande wa Barber Booth. Jumla kama kilomita nane, na kupanda kama mita 280.

Muda wake usikisie. Mskochi mmoja, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa mzunguko huu inatoka saa mbili na kidogo. Kanuni hiyo haihesabu tope, watoto, wala tumbo lililoshiba, ndiyo maana mimi nasema tatu.

Kuna jambo moja ambalo ramani haionyeshi. Upande mnaopandia unatazama kaskazini, na mwishoni mwa Desemba jua hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 13 hivi juu ya upeo. Upande huo unakaa kivulini kutwa. Sakitu ya alfajiri utaikuta saa saba mchana imeng'ang'ania majani, na maji yaliyotiririka njiani yameganda. Kule juu njia imetandikwa mawe bapa ili watu wasiumegue mlima, na mawe hayo yakishika barafu yanateleza kama sakafu ya bafu yenye sabuni. Tembea pembeni, kwenye majani, au vaa ile minyororo midogo ya kufungia viatuni.

Mkibahatika, asubuhi ya baridi isiyo na upepo hewa nzito huzama bondeni na ukungu hujaa Hope mpaka ukingoni, nanyi juu mko kwenye jua. Nimeiona mara mbili. Bonde lote jeupe kama maziwa ndani ya bakuli, na katikati yake kitu kimoja tu kimechomoza: bomba la kiwanda cha saruji cha Hope, linatoa moshi wake juu ya mawingu kana kwamba meli imezama.

Mimi ni wa Moshi. Mlima wa mita 517 utanitisha?

Kimo hakitakutisha. Stendi ya Moshi iko juu kuliko kilele cha Mam Tor. Kitakachokutisha ni upepo, mvua inayokuja kwa ubavu na kuchwa kwa jua, na hivyo vitatu havikuulizi umekulia wapi. Kila unapopanda mita 150 joto hushuka kama nyuzi moja. Bondeni ikiwa nyuzi tatu, kileleni ni moja au sifuri, kisha upepo ndio unaotoa hukumu.

Tuvae nini? Hatutaki kununua vitu vya siku moja.

Msinunue vipya. Huku kuna maduka ya hisani yanayouza nguo zilizotolewa sadaka, na sehemu kubwa ya nguo hizo hizo ndiyo inayofungwa marobota na kuishia Gikomba na Karume kwa jina la mitumba. Hapa unawahi robota kabla halijafungwa. Januari na Februari huwa yamejaa. Desemba nenda mapema.

Jambo la kwanza: msivae jinzi. Pamba ikilowa haikauki, inakunyonya joto, na jinzi iliyolowa ina uzito wa mtoto mchanga. Tafuta suruali ya nailoni au ya michezo. Juu vaa tabaka tatu: fulana ya sufu au ya michezo, sweta lenye manyoya, na jaketi lisilopitisha maji. Kofia, glovu, soksi jozi mbili (moja mfukoni). Viatu ni buti zenye meno chini. Raba za kawaida zitakufikisha Hollins Cross lakini zitakuteremsha kwa makalio.

Kanga moja begini haina uzito wowote: shingoni ni skafu, kwenye benchi lililolowa ni mkeka, na mtoto akilala ni mbeleko. Mama mkubwa alibeba mbili, wakamtazama. Kufika juu wawili kati yao wakamwomba.

Pabu ni baa tu, au kuna namna ya kukaa?

Ni baa, lakini pia ni sebule ya kijiji. Edale kuna mbili. Rambler Inn iko karibu na stesheni. Old Nags Head iko juu kijijini, na mlangoni pake ndipo inapoanzia rasmi Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 431 iliyofunguliwa mwaka 1965 na inayoishia Kirk Yetholm, Uskoti. Utaona watu wakipiga picha hapo kana kwamba wamefika, kumbe hata hawajaanza.

Mara nyingi hakuna anayekuja kukuuliza unakunywa nini. Unaenda mwenyewe kaunta, unaagiza, unalipa, unabeba. Foleni haionekani ila ipo: muuzaji anajua nani katangulia, na mtu mstaarabu akiulizwa atasema "huyu alikuwa kabla yangu." Usipunge noti wala usipige mluzi. Mkiwa kundi, mmoja hununua vinywaji vya wote, kisha zamu humfikia mwingine. Akinywa vya wenzake halafu akapotea zamu yake ilipofika, atakumbukwa kwa hilo muda mrefu. Bakshishi kaunta si desturi; ukihudumiwa mezani, asilimia kumi inatosha.

Kwa siku za sikukuu weka nafasi wiki kadhaa kabla. Pabu nyingi huwa na orodha maalumu ya Krismasi, hutaka mchague mapema na kulipa kianzio. Na uliza jiko linafungwa saa ngapi, maana mlango unaweza kuwa wazi hadi usiku na jiko likafungwa saa nane.

Chakula chenyewe ni nini?

Sahani moja iliyosheheni: nyama ya kuoka, yaani bata mzinga siku hizo, au ng'ombe, au kondoo, viazi vya kuoka vyenye ganda linalovunjika mdomoni, karoti, kabichi vichanga vya ukubwa wa ndimu ndogo, ambavyo nusu ya Waingereza wenyewe hawavipendi, na mchuzi mzito wa kahawia wa kumwagia juu ya vyote. Ile inayofanana na andazi lililopasuka ni Yorkshire pudding: unga, mayai na maziwa vilivyomiminwa kwenye mafuta ya moto sana vikafura. Haina sukari. Kazi yake ni kushika mchuzi, na inaifanya vizuri kuliko ugali, nasema hivyo nikiwa mbali na nyumbani.

Pilipili hakuna. Kuna hardali inayowasha puani.

Omba sahani ndogo kama unapanda. Kitindamlo kiache, mkirudi na mkakuta jiko wazi, mtakifurahia zaidi, na kama limefungwa mtapata chokoleti ya moto.

Sisi ni Waislamu. Tule nini?

Msiamini macho, ulizeni. Nyama ya pabu za vijijini kwa kawaida si halali. Soseji ndogo zilizofungwa kwa bekoni ni kitimoto ndani na nje, na zile duara za makombo ya mkate zinazowekwa kando ya bata mzinga mara nyingi zina nyama hiyo hiyo. Hayo yanajulikana. Yanayowakamata watu ni yale yaliyojificha: viazi huweza kuokwa kwa mafuta ya bata bukini au ya ng'ombe, mchuzi hutokana na nyama iliyookwa, unga wa kukaangia samaki mara nyingi huchanganywa na bia, chipsi, hasa huku kaskazini, huenda zimekaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, na ile keki nyeusi ya Krismasi ina brandi, wakati mwingine humwagiwa tena mezani na kuwashwa moto mbele yako.

Salama zaidi ni chakula cha wasiokula kabisa kitu cha mnyama, na mchuzi wake wa mboga, nacho utakikuta karibu kila mahali. Bado uliza kama kuna mvinyo ndani. Cha kunywa, kuna maji ya ndimu na soda, na soda ya tangawizi, ingawa haikuni koo kama Stoney.

Na sala?

Mwishoni mwa Desemba, kwa Edale, adhuhuri inaingia kama saa sita na dakika kumi, alasiri kwa hesabu ya Kishafi ni saa nane kasoro hivi, na magharibi kabla ya saa kumi. Vipindi vitatu ndani ya saa nne, na ninyi mko njiani. Adhuhuri isalini kabla ya kuingia mezani au mara mnapotoka. Alasiri itawakuta juu. Kibla kutoka huku ni kusini-mashariki, kwa hiyo mkiwa mgongoni mwa mlima mtaelekea upande wa bonde la Hope. Tandikeni jaketi, kaeni upande uliokingwa na ukuta wa mawe. Watembeaji watapita wakisema habari za mchana kwa sauti ya chini, hakuna zaidi.

Naweza kunywa bia mbili kabla ya kupanda?

Moja, tena nusu. Pombe hufungua mishipa ya ngozi. Unahisi joto huku joto lenyewe linakutoka. Dereva asionje kabisa. Uingereza kikomo ni miligramu 80 za pombe kwa mililita 100 za damu, Uskoti ni 50 tangu 2014, lakini barabara ya kutoka Edale yenye kona na barafu haina kikomo chochote inachokubali.

Na ile bia ya mapipa isiyo baridi wala moto haijaharibika. Inahifadhiwa chini kwenye ghala kwa nyuzi 11 hadi 13. Kama kwenu ukiulizwa "baridi au moto?" hujibu moto, utajisikia nyumbani. Glasi nzima ni mililita 568.

Watoto na wazee?

Watoto wanaruhusiwa kuingia na mkubwa katika pabu nyingi zinazopika, ila ulizeni. Mlimani, mtoto wa miaka saba mwenye glovu na biskuti anafika Mam Tor kabla yako. Mzee asilazimishwe: bondeni kuna njia tambarare kando ya mto, na pabu yenye moto wa kuni haimfukuzi bibi aliyeagiza chai. Mkubaliane tu saa ya kukutana, maana mtandao wa simu Edale unakuja na kuondoka.

Tunafikaje bila gari?

Edale ina stesheni kwenye reli ya Manchester na Sheffield. Kutoka Manchester ni kama dakika 45, Sheffield kama nusu saa. Tarehe 25 hakuna treni kabisa, na 26 msitegemee. Ndiyo maana kwa wasio na gari nasema nendeni 27 hadi 30. Tazameni ratiba siku hiyo hiyo asubuhi, na muijue treni ya kurudi kabla hamjapanda ya kwenda.

Giza likitukuta, au mtu akivunjika mguu?

Kila mmoja awe na tochi ya kichwani. Simu si tochi, muulizeni baba mdogo. Bebeni ramani ya karatasi ya eneo hili, ile yenye namba OL1, na chupa ya chai ya tangawizi.

Mtu akiumia, pigeni 999, ombeni polisi, kisha mwambie polisi mnahitaji waokoaji wa mlimani. Watakuja wenyeji wa kujitolea, walioacha chakula chao mezani, na hamtalipishwa hata senti. Kama simu haishiki, pigeni kipenga mara sita ndani ya dakika moja, nyamazeni dakika moja, rudieni. Jibu lao ni mara tatu. Msiache kupiga hata baada ya kujibiwa, kwani sauti ndiyo inayowaongoza.

Mbwa!

Wapo, tena ndani ya pabu, chini ya meza, wamelowa. Ukimwogopa au unamkwepa kwa sababu ya udhu, omba meza ya chumba wasichoingia. Pabu nyingi zina kimoja. Mlimani mwenye mbwa akiona umesimama atamwita. Atasema pia kwamba mbwa wake hana neno na mtu, hata kama tayari ameshakupandia kifuani.

Kondoo waacheni njia, na kila lango mlilolikuta limefungwa mlifunge.

Tukirudi na tope tutaruhusiwa kuingia tena?

Kila mtu ana tope. Wengine huacha buti ukumbini na kuingia na soksi, na hapo ndipo utajua umuhimu wa ile jozi ya pili. Bebeni mifuko miwili ya plastiki: ukiingiza miguu kwenye mifuko hiyo na buti zako ndani yake, unaweza kukaa kwenye treni bila kuacha alama. Mfuko wa tatu ni wa suruali ya mtoto aliyeteleza Hollins Cross, maana huwa yupo mmoja.